Presto, Pronto, Listo: Maneno Yaliyochakazwa na Ahadi

Watoto wa Uhispania wakipanga mstari kushindana mbio, mmoja wao hupaza sauti: preparados, listos, ¡ya! Kwa neno la kwanza hakuna anayeondoka. Kwa neno la pili mguu mmoja unatangulia, goti linakunjika, macho yanakaza kwenye mti au ukuta waliokubaliana kuwa ndio mwisho. Ni neno la tatu, fupi kuliko yote, linalowafyatua. Ukifungua kamusi utaambiwa kwamba preparados ni waliojiandaa na listos ni walio tayari, yaani mtoto yule ametangaza utayari mara mbili na hakuna aliyemwamini mpaka aliposema ya, neno lenye maana ya "sasa" au ile "tayari" tunayoisikia katika "tayari ameshaondoka". Mexico mwito ni mwingine, en sus marcas, listos, ¡fuera!, lakini huko nako listos haimruhusu mtu kukimbia. Mimi siuoni mpangilio huo kuwa mchezo wa watoto tu. Kihispania kimekuwa na maneno mengi ya kusema "niko tayari", na karibu kila neno lililoaminiwa sana lilichakaa, kwa kuwa watu walilitumia kuahidi kabla hawajawa tayari. Neno likichakaa huteleza: tayari inakuwa haraka, haraka inakuwa baadaye kidogo, na neno jingine linaitwa kushika zamu. Anayetaka kusema Kihispania kisichokwaruza masikio hana budi kujua ni neno gani bado linaaminiwa, linaaminiwa wapi, na linaegemea kitenzi gani.

Tuanze na presto. Waroma walisema praesto esse, kuwa karibu, kuwa mkononi, mahali ambapo ukimwita mtu anaitika. Kastilia ya zama za kati ililirithi likiwa na maana hiyohiyo. Katika Cantar de mio Cid, utenzi wa shujaa wa Kastilia ambao nakala yake inataja mwaka 1207 na jina la Per Abbat, vikosi vinavyosubiri vita vinaitwa prestas, na kitenzi kinachobeba neno hilo ni ser, si estar kama mwalimu wa leo angemsahihisha mwanafunzi. Nitalirudia jambo hilo. Kwa sasa tuangalie yaliyolipata neno lenyewe. Aliye karibu hufika upesi, na kwa njia hiyo presto ikaanza kumaanisha upesi wenyewe. Waitalia, ndugu wa karibu kwa lugha, waliipeleka mbali zaidi: anayesoma noti za muziki huijua presto kama amri ya kupiga kwa kasi kubwa, na hakuna anayekumbuka kwamba zamani ilikuwa habari ya mtu aliyesimama karibu. Kihispania cha leo bado kina presto a, "yu tayari kufanya jambo", na magazeti hupenda kuandika kwamba wabunge se aprestan, wanajiweka tayari, kupiga kura. Lakini ukimgongea jirani mlango na kumwambia kwamba uko presto, atadhani umetoka kwenye tamthilia ya kale.

Palikuwa na neno jingine enzi hizo ambalo halikuchakazwa na ahadi, nalo linafaa kutazamwa kwa sababu linaonyesha tofauti. Ni aparejado. Aparejo ni matandiko ya nyumbu wa mizigo: mto wa mgongoni, kamba, mkanda wa tumboni. Vilevile ni zana za jahazi: milingoti, foromali, tanga, kamba na kapi zake. Nyumbu au merikebu ikishavishwa vitu hivyo imekuwa aparejada, na yeyote aliyepo gatini anaweza kuhakikisha kwa macho. Msafara wa baharia Magellan wa merikebu 5 uliondoka Seville tarehe 10 Agosti 1519, ukashuka mto Guadalquivir hadi Sanlúcar de Barrameda, na haukutweka kwenda baharini mpaka tarehe 20 Septemba. Siku 41 zilipita kati ya kuondoka na kuondoka kwa kweli, na muda wote huo hakuna neno tamu ambalo lingeweza kulifanya pipa tupu lionekane limejaa. Utayari wa kuonekana haudanganyiki kirahisi, na neno lake halichuji. Aparejado ilipotea kwenye mazungumzo kwa sababu nyingine kabisa: watu wengi waliacha kuishi na nyumbu na matanga. Leo imebaki katika msemo wa maofisini, traer aparejado, jambo linaloandamana na jambo lingine, kama vile deni linavyoandamana na riba.

Pronto ni kisa cha kusikitisha zaidi. Kilatini promere ni kutoa kitu ghalani, na promptus ni kile kilichokwisha kutolewa: unga umeshatoka ghalani, uko mezani, mpishi hana la kungoja. Waandishi wa Kihispania wa karne ya 16 na ya 17 walilitumia kwa mtu aliye tayari kutenda. Hata sasa kamusi ya Akademia ya Kifalme ya Kihispania, taasisi iliyoanzishwa Madrid mwaka 1713, inaibeba maana hiyo pembeni ya ile ya wepesi. Hata hivyo, ukimuuliza mtu wa Madrid pronto ni nini atakujibu ni "karibuni", au "mapema". Nos vemos pronto, tutaonana karibuni: lini hasa, hakuna ajuaye. Unga uliokuwa mezani umerudishwa ghalani. Zaidi ya hapo, de pronto imekuwa "ghafla", por lo pronto ni "kwa sasa", na mtu akishikwa na hasira za mara moja husemwa amepatwa na un pronto. Lakini Kireno hakikufuata njia hiyo. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, estou pronto ni "niko tayari" bila utata, na Mwitalia akipokea simu husema pronto, nipo, sema. Msomaji wa Mtwara aliyejifunza Kireno kidogo kwa majirani akitua Uhispania na neno hilo mfukoni ataeleweka vibaya siku ya kwanza.

Hapa mwanaisimu atanipinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema ahadi hazihusiki: kivumishi kiligeuka kielezi, jambo linalotokea katika lugha nyingi, na maana ikafuata sarufi. Nakubali kwamba sarufi ilifungua mlango. Lakini mlango uliofunguliwa hauelezi kwa nini maneno yote yalitokea upande uleule. Presto ilielekea kwenye upesi, pronto ilielekea kwenye upesi kisha kwenye karibuni, na listo, tutakayoifikia, ilikuwa na wepesi ndani yake tangu zamani. Anayeulizwa kama yuko tayari mara nyingi hayuko, na hujibu kwa kile anachotarajia kuwa. Sisi tunalijua jambo hilo vizuri. "Nakuja" ya simuni si mwendo, ni nia. "Niko njiani" imesemwa na watu wengi wakiwa bado wanatafuta kiatu. Amerika ya Kihispania ina ahorita, ambayo kwa umbo lake ni "sasa hivi" ndogo na laini, na ambayo huko Mexico inaweza kuwa dakika hii, saa ijayo, au heshima ya kutosema hapana. Hata hivyo pingamizi linanibana mahali pamoja: kama kuchakaa kwa ahadi kungekuwa sheria, Kireno nacho kingeipoteza pronto. Hakikuipoteza. Basi nasema mwelekeo, sisemi sheria.

Listo ndilo lililoshika zamu, na asili yake haijakubaliwa na wataalamu mpaka leo. Kinachojulikana ni jamaa zake: Kiitaliano kina lesto, mwepesi. Wepesi huo ulikwenda njia mbili. Mwili mwepesi uko tayari. Akili nyepesi ni erevu. Kiswahili nacho husema mwepesi wa miguu na mwepesi wa kuelewa, ila hakikuzifanya maana hizo mbili kuwa mtego. Kihispania kiliziacha zigombane ndani ya neno moja, kisha kikazitenganisha kwa vitenzi: estoy listo, niko tayari, soy listo, mimi ni mwerevu. Mgeni anayeulizwa kama amemaliza kuvaa akajibu soy listo amejisifu bila kuombwa. Aliyezidisha werevu mpaka ukamgeukia se pasa de listo. Na ukisikia ¡estamos listos! kwa sauti ya uchovu baada ya basi kuharibika, usidhani safari inaanza. Ni kejeli, sawa na mtu wetu anayesema "haya, sasa tumefika" akiwa amekwama katikati ya pori.

Vitabu vingi vya kufundishia humpa mwanafunzi kanuni: ser kwa mambo ya kudumu, estar kwa ya muda. Anayeitegemea ataniuliza historia hii yote ni ya nini. Ni ya kumwonyesha kwamba kanuni yake haisimami. Mfu kwa Kihispania está muerto, kwa kitenzi kinachodaiwa kuwa cha muda, na hakuna hali ya kudumu kuliko hiyo. Kijana es joven, na ujana unapita. Jibu liko katika asili. Estar inatokana na Kilatini stare, kusimama. Ser ni mchanganyiko wa esse, kuwa, na sedere, kukaa. Wakati wa utenzi wa Cid, ser ilifanya karibu kazi zote: ilisema mtu ni nani, mara nyingi alipo, na pia hali aliyofikia, hivyo watu walisema es llegado kwa aliyefika na es muerto kwa aliyekufa. Estar ilikuwa bado na harufu ya kusimama mahali. Kati ya karne ya 13 na ya 17 ilisogea hatua kwa hatua, ikachukua mahali, kisha ikachukua hali ambayo mtu ameifikia baada ya jambo kutokea, kana kwamba hali nayo ni mahali pa kusimama. Mfu amefika mautini na anasimama huko. Aliye tayari amefika mahali pa utayari. Ndiyo maana prestas ya kale ilikwenda na ser na listo ya leo inakwenda na estar: utayari ulihamishwa kutoka kwenye sifa za mtu ukawekwa kwenye mahali alipo.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo sijaona ikitajwa. Hatusemi "mimi ni tayari". Tunasema niko tayari, yuko tayari, chakula kiko tayari, kwa -ko ileile ya "yuko sokoni". Werevu tunaubeba kwa "ni": yeye ni mwerevu. Mpaka ambao estar ilihitaji karne kadhaa kuufikia, katika suala hili la utayari, umo kinywani mwa mtoto wa Tanga kabla hajaingia chekechea. Atakayedai kwamba sisi tuna neno moja tu, tayari, na Wahispania wamejitwisha mzigo wa bure, amesahau kwamba neno letu lenyewe lina safari. Tayari ina ndugu upande wa pili wa Bahari ya Hindi, taiyar ya Kihindi na Kigujarati, na wataalamu huihusisha na mzizi wa Kiarabu wa kuruka, uleule uliozaa jina la ndege ya abiria kwa Waarabu. Nayo haikutulia: ya "niko tayari" na ya "tayari ameondoka" ni maana mbili. Yetu iliteleza kuelekea yaliyopita, pronto ikateleza kuelekea yajayo. Tena hatuna neno moja tu. Aliye tayari kwa moyo tunasema yu radhi, na hapo Mhispania hutumia dispuesto: estoy dispuesto a pagar, niko radhi kulipa, ambayo haina maana kwamba pesa zimeshatoka mfukoni. Wafanyabiashara wamepata hasara kwa kuchanganya haya mawili.

Ukitaka kuona ahadi ikilikausha neno mpaka mfupa, tazama barua za Kihispania za karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwandishi alijitangaza mwishoni kuwa mtumishi wa uhakika anayembusu mkono anayeandikiwa: su seguro servidor que besa su mano. Ilikuwa kauli ya utayari wa kupita kiasi, na kwa kurudiwa ilikunjwa ikawa s. s. s. q. b. s. m., herufi 7 ambazo karani aliziandika bila kufikiri, hata kwa mtu aliyekuwa akimdai. Kwa mwanamke mkono uligeuka miguu, herufi moja ikabadilika. Leo desturi hiyo imekufa, lakini jamaa yake yu hai Colombia na Venezuela, ambako muuza duka hukupokea kwa a la orden, niko chini ya amri yako, na hulirudia hilohilo ukimshukuru, mahali ambapo sisi tungesema "karibu". Jeshini kauli hiyo bado ina meno. Dukani ni salamu. Na Colombia hiyohiyo ndiko listo inakoonekana ikichakaa mbele ya macho yetu: ukipanga na mtu mkutane saa 9, atakujibu listo, naye hajamaanisha kwamba yuko tayari kwa lolote. Amesema "sawa". Skauti wa Argentina, kwa upande wao, wana wito wa Siempre listo, daima tayari, ambao kwa kukosa kitenzi unaweza pia kusomwa "daima mwerevu". Nadhani hakuna skauti aliyewahi kulalamika.

Hata preparado, ambalo mtu angedhani limekingwa na kazi iliyomo ndani yake, limesogea. Una persona preparada ni aliyesoma, mwenye elimu na ujuzi, na Uhispania vijana wa miaka ya karibuni wameitwa mara nyingi kizazi kilicho preparada kuliko vyote, jina lisilowasaidia wale waliokosa ajira. Kitenzi alistar nacho kimegawanya watu kwa bahari. Kipo kimoja kilichotoka kwenye lista, orodha, na kingine kilichotoka kwenye listo. Kwa Mhispania, me alisto hukumbusha kwanza kujiandikisha jeshini. Kwa mtu wa Peru au Costa Rica ni kuoga, kuvaa na kuchana nywele. Mama wa Lima anayewaambia watoto alístense asubuhi ya shule hawapeleki vitani. Wapo watakaosema kwamba Akademia ndiyo iamue lipi ni sahihi. Akademia hiyo, pamoja na wenzake wa Amerika waliojiunga katika shirikisho lililoanzishwa Mexico mwaka 1951, ilitoa mwaka 2010 kamusi nzima ya Kihispania cha Amerika, hivyo mwamuzi mwenyewe ameshakubali kwamba uwanja si mmoja.

Kwa hiyo mtu anayetaka kusema kama wasemavyo wenyewe asianze na kivumishi. Wahispania wamejifunza kutoyaamini maneno hayo peke yake, na mzigo wa utayari wameutua kwenye vijineno viwili, estar na ya. Aliyemaliza kuvaa husema ya estoy, bila listo wala preparado. Kazi ikimalizika, ya está. Chakula kikiiva, anayepika hatangazi hali ya chakula. Huita ¡a comer! au ¡a la mesa!, na harufu inamaliza maelezo. Anayeitwa hujibu ya voy, "ninakwenda", si "ninakuja" kama tusemavyo sisi, kwa sababu Mhispania hupima mwendo kutoka pale aliposimama yeye. Nakiri kwamba ya voy imeshaanza kuchuja: katika nyumba nyingi humaanisha kwamba aliyeitwa amesikia, basi. Ninavyolitazama neno hilo, ya litafuata wenzake siku moja, na hata mtoto wa mstari wa mbio atalazimika kutafuta neno la nne.

Mambo haya hayaendi kwa pamoja kila mahali. Akademia imeiweka ile maana ya kale ya pronto kwenye kamusi, lakini ukitaka kuisikia ikiishi kwa Kihispania nenda Uruguay. Wapo wanaosema Wauruguay waliipata kwa jirani yao Brazili, na ujirani huo bila shaka umeisaidia kudumu, ingawa Kastilia ilikuwa nayo kabla ya hapo. Buenos Aires, upande mmoja wa Río de la Plata, mpishi husema nyama está lista. Panda feri, vuka maji yale ya rangi ya udongo mpaka Montevideo, na nyama ileile está pronta.